Hewa ya Langoni

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za shule. Mimi ni mzima wa mwili. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo nimejifunza kujua saa kwa rangi ya ukuta huo. Baba ameniandikia mistari mitatu tu. Anasema macho yake hayana neno, lakini mistari yenyewe inapanda na kushuka, na suruali aliyonishonea mguu mmoja umeuzidi mwenzake. Fundi cherehani asiyeona uzi! Mwambie avae miwani. Mimi hanisikii.

Ningepiga simu, ila mara ya mwisho malori yalikula nusu ya maneno yako, na nusu iliyobaki ulikuwa unauliza, "Unasemaje?"

Sasa nikueleze kilichoniketisha. Kitengo chetu hapa halmashauri kinapima hewa ya shule kumi na mbili zilizo karibu na barabara kubwa. Ghala jipya la mizigo likifunguliwa, malori yake yatapita ama barabara ya chini, mbele ya shule yako, ama ya juu, mbele ya ile shule ya kilimani niliyoingia kwa mtihani nikiwa na miaka minane. Kamati itaangalia namba zetu. Shule ambayo hewa yake imechafuka zaidi haitaongezewa malori. Sharti hilo nililipigania mimi mpaka likaandikwa.

Kwenye kifurushi hiki kuna vibomba viwili vya plastiki, virefu kama kidole. Ndani kuna dawa inayonasa moshi wa magari. Vifungue vifuniko vya chini, uvifunge kwenye nguzo ya lango, upande wa barabara, juu ya kimo cha watoto. Vikae wiki nne. Kisha uvifunike, ujaze tarehe kwenye karatasi, unirudishie. Mahali nimeshakuandikia: "Langoni."

Utaratibu ni kwamba fundi wetu ndiye avitundike. Lakini fundi ni mmoja na shule ni kumi na mbili, nikasema hii ya kwako nitaitafutia mtu mwenyewe. Simjui mtu makini kukushinda.

Mwanao,
Mdadisi


12 Machi

Mdadisi wangu,

Marahaba. Goti likipanda linalalamika, likishuka halisemi. Ujumbe wako nilimfikishia baba yako kama ulivyo. Akanijibu, "Mwambie huyo binti kwamba huo ni mtindo." Kaka yangu huyu siku moja atajishona mwenyewe kwenye kola ya mteja, na mteja ataondoka naye.

Darasa la kwanza mwaka huu wako sabini na mmoja. Madirisha yangu bado ni yale yale, yanatazama barabara, kwa hiyo tumejifunza kusoma kwa vipande. Lori likija tunanyamaza, likipita tunaendelea palepale. Juzi alikuja mkaguzi, akashangaa kuona watoto wote wananyamaza kwa pamoja bila mimi kunyanyua hata kidole. Akaandika, "Nidhamu ya hali ya juu." Sikumsahihisha.

Vibomba vyako ndivyo hivi. Nilipokuwa navifunga mlinzi aliniuliza, "Mwalimu, hayo si mabomu?" Nikamwambia, "Ni vya kupima unavyosinzia kazini." Tangu siku hiyo anakaa wima kama mshumaa.

Nimevitunza kama mboni ya jicho. Vinarudi safi, hutaona haya mbele ya wenzako. Na karatasi imejazwa, haina hata doa.

Kula vizuri. Ukuta haushibishi.

Shangazi yako


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Vibomba vilikaa maabara wiki tatu, kisha namba zikakaa mezani kwangu siku nne. Hizo siku nne ni zangu, siwezi kumsingizia mtu.

Mimi sijambo. Jirani ameupaka ule ukuta rangi ya bluu, sasa saa zangu zote zimeharibika. Baba anasema miwani ameshainunua. Anaiweka mfukoni.

Kati ya shule kumi na mbili, yako imetoka ya pili kwa hewa safi. Imepata kumi na tisa. Ile ya kilimani imepata thelathini na moja, kwa sababu kibomba chao kilitundikwa pale wazazi wanaposimamisha magari, injini zikiunguruma, wakisubiri watoto watoke. Ni magari yaleyale, Shangazi, yanayopita mbele ya madirisha yako kila asubuhi yakipanda kilimani.

Nimeisoma kumi na tisa mara nyingi sana. Nimewahi kusimama kwenye lango lako. Hewa ya pale ina ladha, inakaa kwenye meno. Nilimwambia mkuu wangu kwamba naona namba iko chini mno. Akasema, "Namba ni namba. Ukianza kuzihurumia, utazihurumia zote." Watu wa kilimani wameshaipata ripoti. Mmoja wao, mhandisi mstaafu, ameandika kurasa sita kueleza kwa nini malori yapite chini.

Nakuuliza kwa ajili ya kumbukumbu tu: vibomba vilikaa langoni wiki zote nne? Kamati inakaa tarehe kumi na tano Mei. Jibu likifika kabla ya hapo nitashukuru.

Mwanao,
Mdadisi


10 Mei

Mdadisi wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipata. Hongera kwa kazi, na pole kwa ukuta.

Hapa tumekuwa na balaa la paa. Mabati matatu ya chumba cha darasa la nne yaling'oka, watoto wakasoma huku wanatazama mawingu. Mwalimu wa hesabu akasema afadhali, sasa wataweza kuhesabu ndege. Tulimwita fundi. Wa kwanza alipanda, akatazama, akashuka, akaenda zake na ngazi yetu. Wa pili alikuja bila ngazi, ikabidi tumtafute wa kwanza. Mwishowe mlinzi alipanda mwenyewe akagonga misumari kumi na sita, na kumi kati ya hiyo imeshika. Mvua ikinyesha tunahamisha madawati upande wa kushoto.

Baba yako mzima. Mimi nina kikohozi kidogo, cha kawaida ya walimu, chaki hiyo.

Kuhusu lile uliloniuliza, karatasi niliijaza kama ulivyoiandika.

Usisahau kupumzika.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi ilinifikia jana. Muhuri wa posta unasema ilitumwa tarehe kumi na nane. Ulikaa nayo siku nane. Najua kukaa na kitu mezani, kwa hiyo sikulaumu.

Kamati ilikaa. Chumba kilikuwa kidogo, kina kiyoyozi, madirisha yamefungwa. Mwenyekiti aliniuliza, "Binti, namba hizi unazisimamia?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Hata hii ya shule ya chini?"

Kabla sijafungua mdomo, yule mhandisi mstaafu, aliyekuja kuwasemea wa kilimani, akadakia, "Si ameshasema ndiyo? Mnamuuliza mara ngapi, anaolewa?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Shangazi. Nilicheka pamoja nao, na kicheko kilipoisha ajenda ilikuwa imeshapita. Haikuchukua hata dakika kumi. Malori yatapita barabara ya chini kuanzia tarehe ishirini mwezi huu.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya paa. Najua idadi ya misumari. Sijui vibomba vilikaa wapi. Nakusihi, niambie. Hata kama ni mstari mmoja.

Mdadisi


28 Juni

Mwanangu,

Leo sianzi na goti.

Vilikaa langoni siku sita. Siku ya saba nilivitazama nikaona vimekuwa vyeusi kama sufuria za kuni. Nikaona aibu. Nikawaza, nitamrudishiaje mtoto vifaa vyake vya kazi katika hali hii, huko ofisini watasema amelelewa na mwanamke gani? Nikavipangusa kwa kitambaa chenye sabuni. Kisha nikavihamishia nyuma, chini ya ukingo wa paa la stoo, penye maua, mahali pasipofika vumbi. Vikamaliza huko wiki tatu na siku moja.

Sikujua kwamba uchafu ndio uliokuwa unatafutwa. Umri huu, na ualimu wote huu, sikujua. Ulinieleza, nikasoma maelezo yako kama mtu anayesoma barua ya mtoto wake, natafuta kama umekonda.

Siku ya kujaza karatasi nikakuta umeandika "Langoni" kwa mwandiko niliokufundisha mimi. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Lakini kwa miaka thelathini na mbili nimewaambia watoto kwamba karatasi ya kukatakata ni aibu ya mwenye nayo. Nikashindwa kukata. Nikajiambia, si vilianzia langoni?

Ulipoandika Aprili kuniuliza, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Siku nane zile nilikuwa naandika barua ya kweli kila siku na kuichana. Ile ya paa ndiyo pekee iliyofika mwisho.

Malori yameanza. Mlinzi alijaribu kuyahesabu. Saa moja tu, themanini na mawili, akachoka akasema, "Mwalimu, mimi ni mlinzi, si karani." Zamani tulikuwa tunasubiri lori lipite. Sasa hakuna kupita. Watoto wanakaa wameniangalia, wanasubiri nafasi ya kusoma, na nafasi haiji. Wananitazama kama watoto wanaongoja kengele.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, acha nimalize. Hukuingia kilimani kwa mtihani. Muhula wako wa mwisho hapa shuleni kwangu ulikohoa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama wa zahanati akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu mtoe kando ya barabara." Mkuu wa kilimani wa wakati ule tulisoma naye chuo cha ualimu. Nikamwendea. Akasema ana nafasi moja. Nikaandika jina lako. Baba yako asingekubali upendeleo, unamjua, kwa hiyo nikatunga mtihani nikakupa nyumbani kwangu, mezani pale penye kitambaa cha maua. Ulipata themanini na nane. Hakuna aliyeusahihisha isipokuwa mimi.

Kwa hiyo usiseme sikujua hewa ya lango lile. Nilijua kabla hujajua kuandika neno hewa.

Shangazi yako


12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimeketi, halafu nimesimama tena.

Nami nina la kusema, na si dogo kuliko lako. Nilipofungua kifurushi mwezi Machi, kwenye uzi uliofungia kibomba kimoja palikuwa na ua dogo jekundu, limekauka. Kwenye nguzo ya lango lako hakuna ua. Hakuna kinachoota pale. Nililitoa kwa ncha ya kidole, nikalitupa kwenye ndoo ya karatasi, nikapeleka vibomba maabara.

Nilijua, Shangazi. Sikujua yote, lakini nilijua vya kutosha kuinua mkono. Niliogopa kuulizwa kwa nini sikumtuma fundi, kwa nini nilimpa ndugu yangu kazi ya ofisi. Nikajiambia nitakuuliza wewe. Ukisema wewe, haitakuwa mimi niliyesema. Zile barua zangu za upole, za "kwa ajili ya kumbukumbu", nilikuwa nakusukumia wewe mzigo wangu, na ulipoukataa nikakasirika.

Juzi nimeandika kwa kamati. Nimeeleza kila kitu, ua likiwemo. Mkuu wangu aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Ulishindwa nini kusema haya tarehe kumi na nne Mei?" Watapima upya, kwa mkono wa fundi. Lakini uamuzi hautafunguliwa hadi mapitio ya mwishoni mwa mwaka ujao, kwa kuwa barabara ya chini imeshapanuliwa kwenye kona na alama zimeshasimikwa. Mimi nimeondolewa kwenye hewa. Nagonga mihuri kwenye vibali vya mabango ya maduka.

Ule mtihani naukumbuka. Swali la tatu lilikuwa la kisima na ndoo. Kila nilipoona nimezidiwa, chuoni, kazini, nilikuwa najiambia: wewe ni yule mtoto aliyechaguliwa kati ya shule nzima. Nilisimama juu ya hilo kama mtu anavyosimama juu ya sakafu. Sikukasirikii. Najaribu tu kujua miguu yangu iko wapi.

Na kitu kimoja hakinitoki. Mwenzangu wa dawati, yule tuliyemwita Kipepeo, alikuwa anakohoa kunizidi mimi. Tulikuwa tunashindana. Yuko wapi?

Mwanao,
Mdadisi


30 Agosti

Mdadisi wangu,

Marahaba. Baba yako hatimaye amevaa miwani. Sasa anaona kila alichoshona tangu mwaka juzi, amenuna, anasimamisha watu njiani kuwataka warudishe nguo. Kifua changu kiko vilevile. Sitakuandikia juu ya paa.

Darasa la kwanza nimelihamishia nyuma, kwenye stoo, na ofisi ya walimu nimeileta mbele. Mwalimu wa hesabu aliniuliza, "Kwani sisi mapafu yetu ni ya plastiki?" Nikamwambia, "Yetu yameshakomaa." Hilo si jibu, naye anajua, kwa hiyo hanisalimii. Stoo inatosha watoto arobaini. Waliobaki wanakaa mlangoni.

Jumamosi niliita wazazi. Mkuu wetu wa shule alinikataza kusema jambo la vibomba, akasema litaiharibia shule jina. Nikamwambia mwakani nastaafu, jina litakaloharibika ni langu. Nikawasomea kosa langu. Nilivihamisha mimi, nikavipangusa mimi, nikanyamaza mimi. Habari ya ua sikuisema. Hilo utalisema mwenyewe siku utakayokuja.

Nilitegemea watanifokea. Baba mmoja aliyekaa nyuma alinyanyua mkono, dereva wa malori ya ghala lile lile. Akasema, "Mwalimu, mimi napita hapa mara sita kwa siku, na mwanangu yumo humu. Nikifika hapa huwa napandisha kioo." Akaketi. Mke wake akamgeukia akamwangalia.

Unamuulizia Kipepeo. Alikuwepo. Anafulia watu nguo, na binti yake yuko darasa la kwanza, mmoja wa wale wa mlangoni. Alisimama akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma sana, ila nauliza. Mtoto angekuwa wako, ungemwacha hapa?"

Ningeweza kufanya mzaha. Ningesema kwa umri huu nimzae wapi, wangecheka, ingeisha kama ilivyoishia kwenye kamati yenu. Nikasema, "Niliwahi kuwa naye. Nilimhamishia kilimani."

"Lini?"

"Mwaka ule ulipokuwa unakaa naye dawati moja."

Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakohoa."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakuruhusu utoke ukanywe maji."

Mwanangu, nimewahi kuzika wazazi wangu wote wawili, lakini sijawahi kusimama mahali kama pale. Nilidhani atatoka. Yeye akauliza, "Huko kilimani, nafasi zipo ngapi?" Na kabla sijajibu, mama mwingine akasema, "Andika wa kwangu." Wakaja mezani. Walipanga mstari wenyewe, hakuna aliyesukumana. Niliandika majina mia mbili na tisa, kwa jinsi walivyofika, na nilipokosea herufi nilikata nikaandika juu yake.

Mkuu wa sasa wa kilimani simjui. Kama ana nafasi, zitakuwa mbili, au tatu. Sijui nitamwambia nini, wala sijui nitarudi na nini cha kuwaambia hawa. Jumatatu napanda kilimani kwa miguu na karatasi yangu.

Nilimwambia Kipepeo asihangaike, nitakwenda peke yangu. Akajifunga khanga kiunoni akasema, "Hapana, Mwalimu, tutakwenda wote. Ukienda peke yako utaandikisha mmoja."

Shangazi yako